Mvuke wa Karo la Uani

Kilio kilikuwa chini kabisa ya sauti ya maji, chembamba, kama cha mtoto aliyezibwa mdomo. Ghizlane aliirudisha video nyuma, akasikiliza tena.

"Wadii, hebu njoo. Kuna mtoto analia humu."

"Si Tuda wako huyo," kaka yake akasema.

"Tuda siku hiyo alikuwa kwa bibi yake Meknes."

Wadii akainama, akasikiliza mwenyewe.

Walikuwa wakisimulia habari za nyumba kongwe za Fez mtandaoni. Watazamaji walilalamika kwamba wamechoka kuutazama uso wa Wadii mwanzo mwisho, ndipo wakaanza kutafuta picha za kujazia: kitasa cha mlango, vigae, chai ikimiminwa. Iliyopendwa kuliko zote ni ya mvuke. Wadii alimwaga maji yanayochemka kwenye karo la uani, mara saba, na mara zote saba hakuna aliyetamka bismillahi, ingawa katika nyumba ile ya babu yao hata watoto walijua kwamba majini walioko chini hupigiwa hodi kwanza. Ghizlane mwenyewe ndiye aliyesema, "Mwaga tena bwana, mvuke hautoshi."

Kesho yake uani kulinuka nywele zilizoungua. Kisha kwenye kamera zikaanza kuonekana picha ambazo hakuna aliyezipiga: Tuda, binti wa Ghizlane wa miaka minne, akila mkate na asali, Tuda akisukwa, Tuda akilala mchana, zote zimechukuliwa kutoka chini sakafuni, na kila siku kwa karibu zaidi, mpaka ikaja moja iliyojaa shavu la mtoto tupu, na pembeni yake kidole kirefu, chenye malengelenge, kikimpapasa.

Fakihi Buazza, mtoa majini wa mtaani, alikuja, akasoma Kurani, akainamia karo kwa muda mrefu. Kisha akainuka.

"Mgeni ningemtoa, binti yangu. Huyu ameishi hapa kabla ya babu yako. Mwanawe mliyemmwagia maji hakupona."

"Mwambie anichukue mimi! Ni mimi niliyesema mwaga tena!"

"Nimemwambia. Anasema yeye hakufiwa na mama. Amefiwa na mtoto."

Siku ileile walihamia Casablanca kwa shangazi yao, ghorofa ya nne. Kamera waliivunja. Wiki mbili zikapita kimya, Ghizlane akaanza kula tena.

Alasiri moja alikuwa akikatakata giligilani za supu ya harira. Akamwita Tuda. Akamwita tena. Alimkuta bafuni amepiga magoti, sikio ameliweka kwenye tundu la maji machafu, anatabasamu.

"Tuda, mwanangu, nakuita."

Mtoto hakugeuka. Ghizlane alimshika bega, akamtikisa, akamlilia, na mtoto alimtazama kama mtu anavyomtazama mgeni aliyekosea mlango. Kisha kutoka chini, taratibu, kwa sauti ya Ghizlane mwenyewe, mtu akaita, "Tuda."

"Abee, mama," akajibu.