Gobori Fupi la Alois

"Bunduki ikikatwa mtutu, Shaushi, inabaki ileile au inageuka nyingine?"

Jirani yake Chausiku, muuza vitumbua, alimuuliza hivyo siku moja pale Morogoro mjini, na Shaushi Rehani, sajini wa polisi ya Boma, akacheka mpaka chai ikampalia. Leo, akiwa amechutama juu ya maiti katikati ya kijito cha Matombo, hakuona cha kuchekesha. Jibu la swali lile lingeweza kumnyonga mtu.

Maiti ilikuwa ya Hatibu, mpwa wa jumbe. Alipigwa risasi jana alasiri, akitawadha juu ya jiwe. Jeraha lilikuwa moja tu, kifuani. Vipande vyote vya chuma viliingia mahali pa kufunikwa na kiganja.

Ng'ambo, penye migomba, majani yalikuwa yamekanyagwa. Hapo palikuwa na kitambaa kilichoungua, kile cha kushindilia baruti, na kando yake gobori lililokatwa mtutu, fupi kama mkono wa mtoto.

"La Alois hilo," alisema Mwinjuma, mtoto wa jumbe, kabla hajaulizwa. "Mtu mwema atakata bunduki ya nini, kama si ya kuficha ndani ya nguo?"

Bwana Shauri, Mdachi wa kuamua kesi, aliafiki upesi. "Bunduki ya kufichika ni bastola. Mwenyeji haruhusiwi bastola. Aliyeikata alikusudia kuua. Atanyongwa."

Alois, mkulima wa mboga, alikuwa amekaa chini na mnyororo shingoni. Nyuma yake alisimama mama yake, Bernadeta, mjane, rozari mkononi.

"Shikamoo, mama," alisema Rehani.

"Marahaba, baba. Mungu anaona."

Rehani akamgeukia kijana. "Ulilikata kwa nini?"

"Lilipasuka mdomo, Shaushi. Nilizidisha baruti. Kibali chake ninacho, cha kuwindia nguruwe. Walikuwa wananimalizia mihogo."

"Ulilificha wapi?"

"Nilifiche ya nini? Lilining'inia kwenye dungu la kulindia shamba, kila mpita njia alione. Juzi likaibwa."

"Ulimwambia nani?"

"Nilikwenda kwa jumbe."

"Jumbe ni mgonjwa, hata maji hanywi. Nani alikupokea?"

Alois aliinua kidevu. "Huyo hapo. Mwinjuma."

"Mwongo!" Mwinjuma akacheka. "Mwenye mnyororo shingoni atasema hata mwezi umeshuka kula kwake."

Rehani akamgeukia Bwana Shauri. Alimwomba baruti na vipande vya chuma vya kutosha kujaribia, akasimamisha shina la mgomba juu ya lile jiwe, akarudi ng'ambo penye majani yaliyokanyagwa. Akalishindilia gobori fupi, akalenga, akapiga.

Maji yakaruka kulia, yakaruka kushoto. Vipande vilitawanyika kama mtama wa kurushiwa kuku. Shina halikuguswa.

"Limeua kijito!" askari mmoja akapiga kelele, watu wakaangua kicheko.

"Tena," alisema Bwana Shauri.

Mara ya pili shina liliambulia mkwaruzo.

"Bwana Mkubwa," alisema Rehani, "aliyemuua Hatibu alisimama hapa, na alitumia mtutu mrefu, ndiyo maana vipande vilikwenda pamoja. Hili fupi lilitupwa hapa tulione. Upande huu wa mlima gobori refu ni moja, la jumbe."

"Lile halijapigwa tangu mavuno ya mwaka jana!" alidakia Mwinjuma.

Likaletwa. Rehani akatia kidole ndani ya mtutu. Kikatoka cheusi, kinanuka yai viza.

"Kwa ukungu wa milima hii, masizi ya mwaka jana yangekwisha kuwa kutu nyekundu. Haya ni ya jana. Nusa, Mwinjuma."

Mwinjuma hakunusa. Maneno yakamtoka yote kwa pamoja.

"Nimembeba baba mgongoni akiugua! Nimemlisha kwa mkono huu! Wazee wakakaa, wakasema kiti cha ujumbe ni cha mtoto wa dada yake, ndivyo ukoo unavyotaka. Na mimi niliyemzika baba kila usiku moyoni mwangu, nipate nini? Ndiyo, nilimpiga Hatibu. Na la Alois nililichukua mimi."

Askari wakamfunga.

Barazani kwa jumbe, Bwana Shauri aliliweka gobori fupi mezani. "Hata hivyo, hii ni bastola."

"Sheria inasema gobori ni nini, Bwana Mkubwa?"

"Bunduki inayoshindiliwa baruti kwa mdomo wa mtutu."

"Na urefu wake?"

Mdachi akafungua kitabu chake cha sheria. Akasoma, akarudia kusoma. Masikio yakamwiva.

"Urefu hausemwi."

"Basi lililokatwa ni gobori vilevile, na kibali cha Alois kingali halali."

Bwana Shauri akakifunga kitabu. Kisha akaashiria, mnyororo ukafunguliwa, na vigelegele vikapanda mlima kutoka nyumba hadi nyumba. Askari walewale waliomfunga Alois wakamnyanyua juu juu.

"Mama," alisema Bwana Shauri, "ishukuru serikali kwa huruma yake."

Bernadeta aliutazama mchubuko shingoni mwa mwanawe. Akalichukua gobori mezani, akalitia kwapani. Akamshika Alois mkono, akatoka naye barazani.