Beata na Nyimbo Zilizofutika

Kila Jumamosi Beata alifua sare zake za shule, akasaidia palizi ya mahindi nyuma ya nyumba, kisha akanawa miguu na kukimbilia dukani kwa shangazi yake, Gaudiosa, karibu na stendi ya Mbinga. Shangazi alikuwa na steshenari ya chumba kimoja. Humo mlikuwa na mashine ya kutolea kopi, printa, na kompyuta ya mezani aliyoitunza kuliko sahani zake za harusi.

Beata alikuwa darasa la sita, na mikono yake haikujua kutulia. Muda si mrefu uliopita, Mansuetus, kijana wa jirani aliyekuwa kidato cha kwanza, alimfundisha njia za mkato za kibodi. Badala ya kuhangaika na kipanya, unashikilia kitufe cha Kontroli, kisha unabonyeza herufi: S kuhifadhi kazi, A kuchagua maandishi yote, C kunakili, V kubandika. Basi, kichwa kikamvimba! Wateja walimsifu, naye akazidi kukaza mwendo, macho hata hayatazami kioo cha kompyuta. Shangazi alimwonya mara nyingi apunguze haraka. Maneno yaliingia sikio hili yakatokea lile.

Jumamosi hiyo palikuwa na kazi nzito. Kwaya ya parokia ilikuwa isafiri alasiri kwenda Mbamba Bay, kuimba nyimbo za zamani za Kimatengo, lugha ya wenyeji wa Mbinga, kwenye jubilei. Vijana wengi wa kwaya hawakuyajua maneno. Kwa hiyo bibi wawili wa kijiji cha Mkumbi walikuja dukani wakamwimbia shangazi ubeti kwa ubeti, naye akaandika moja kwa moja kwenye kompyuta. Hapakuwa na nakala nyingine popote.

"Beata, karatasi hazitoshi, naenda kununua rimu," alisema shangazi. "Wewe kuza herufi tu, maana wazee wa sauti ya nne macho yao yamechoka. Usiguse kitu kingine."

"Sawa, shangazi."

Nje wingu zito lilikuwa limetanda. Taa ilififia, ikarudi. Kwenye benchi barazani alikaa Mzee Pankras, mwenyekiti wa kwaya, akisubiri vijitabu vya nyimbo hizo.

Beata alibonyeza Kontroli na A. Maandishi yote yakafunikwa na rangi ya buluu, tayari kukuzwa. Wakati huohuo Mansuetus akaingia.

"Mansu, njoo uone!" alisema Beata. "Siku hizi naandika bila kutazama!"

Akamgeuzia uso, akasahau kabisa kwamba nyimbo zote zilikuwa zimechaguliwa. Vidole vikachapa jina lake haraka haraka. Kisha, kwa mazoea tu, akabonyeza Kontroli na S.

"Umeonaje?"

"Nimeona jina lako," alijibu Mansuetus. "Sasa nyimbo ziko wapi?"

Beata aligeuka. Ukurasa ulikuwa mweupe, na juu kabisa palikuwa na neno moja tu: Beata.

Alipandisha ukurasa, akaushusha. Hakuna kitu.

"Zimefutika! Na mimi nimehifadhi hivi hivi!" Machozi yakamlenga. "Mansu, nifanyeje?"

Mansuetus, aliyekuwa mwalimu hodari hadi dakika ile, hakujua njia ya kuzirudisha. Alichungulia barazani, akanong'ona, "Chomoa waya ukutani. Sema umeme umekatika, kazi ikapotea. Nani atakubishia? Taa zinacheza tangu asubuhi."

"Mwanangu, vipi huko ndani?" aliuliza Mzee Pankras kutoka nje. "Dereva ameshapiga simu."

"Bado kidogo, mzee," alijibu Beata.

Aliinama chini ya meza, akashika plagi. Alitamani umeme ukatike wenyewe, ili asiwe amedanganya. Taa ikafifia tena, printa ikalia, na Beata akafumba macho akingoja giza. Taa ikarudi. Alikasirika, kana kwamba umeme umemkomoa.

"Vuta basi!" alihimiza Mansuetus.

Beata alimkumbuka shangazi akiwaomba wale bibi warudie ubeti, akiimba nao taratibu hadi aupate sawasawa. Akijua kazi imepotea ataumia sana. Lakini akiambiwa ni umeme, ataamini palepale. Atampa Beata pole, na atamtetea mbele ya kwaya nzima. Hilo ndilo lililomchoma Beata hasa, kwamba angeaminiwa.

Nyayo zikasikika mlangoni.

"Mbona uko chini ya meza?" aliuliza shangazi, rimu mkononi.

"Shangazi, nimefuta nyimbo zote," alisema Beata akilia. "Si umeme, ni mimi. Nilikuwa najionyesha, sikutazama kioo. Halafu nikahifadhi."

Rimu ilianguka sakafuni.

"Umezima kompyuta?"

"Hapana."

"Umefunga faili?"

"Hapana, liko vilevile."

"Basi toa mkono kwenye hiyo plagi! Haraka!"

Shangazi hakukaa hata kwenye kiti. Alishikilia Kontroli, akabonyeza Z. Jina la Beata likatoweka. Akabonyeza tena, na nyimbo zikajaa kwenye kioo, ubeti chini ya ubeti, kama alivyoziacha. Akahifadhi, akaweka nakala kwenye flashi, ndipo akashusha pumzi. Baadaye kidogo printa ilikuwa inatema karatasi zenye herufi kubwa.

"Sasa nenda ukamwambie mzee kwa nini tumemchelewesha," alisema.

Beata alitoka kichwa chini, akaeleza yote. Mzee Pankras alisimama, akajishika kiuno.

"Kwa hiyo jubilei nzima tungesimama pale tukiimba 'Beata, Beata' mpaka misa iishe?"

Beata alicheka huku machozi yakimtiririka. Mzee akachukua vijitabu vyake na kuelekea stendi haraka.

Shangazi aliwaita watoto wote wawili mbele ya kompyuta. Hakuwa anacheka.

"Z hurudisha nyuma ulichokifanya," alisema. "Kompyuta hii inakumbuka mradi faili liko wazi. Ukilifunga au ukizima, imesahau. Beata, ungechomoa ule waya, nyimbo zingekufa kwa mkono wako, na mimi ningebaki nakupa pole."

Beata aliitazama ile plagi. Alikuwa amebakiza kuvuta tu.

"Njia za mkato ni nzuri, hata mimi zinanisaidia kila siku. Lakini macho yatangulie, vidole vifuate. Na ukikosea, sema mapema, wakati bado tunaweza kurekebisha. Leo umekosea vibaya, lakini umesema kweli kwa wakati, ndiyo maana kwaya imeondoka na nyimbo zake." Akamgeukia Mansuetus. "Na wewe mwalimu, Z hukuijua?"

"Sikuijua, mama," alijibu Mansuetus akitazama miguu yake.

"Ila ya kuchomoa waya uliijua."

Shangazi akavuta kiti, akampisha Beata kwenye kibodi.

"Kaa. Kuna barua ya mteja inasubiri. Andika taratibu, na nikuone unatazama kioo."