Mkate Uliong'atwa Pembeni

Asubuhi ya safari, tanuri letu lilikuwa limeshika moto kabla majogoo wa mji wetu wa Margilan hawajachoka kuwika. Mimi nilikanda unga, mkwe wangu Hulkar akakata madonge, na bintiye Zarnigor, mjukuu wangu mwenye miaka kumi na miwili, akafanya kazi yake ya siku zote: kugonga muhuri wa misumari katikati ya kila mkate ili upate maua. Alivaa barakoa, na kitambaa kichwani, maana dawa za saratani ya damu zilikuwa zimemaliza nywele zake.

"Gonga taratibu, kichwa yai," kaka yake Elyor akamtania.

"Nyamaza, ghala langu la damu! Tena nina wasiwasi. Nikishapata seli zako, si nitaanza kufeli hesabu?"

"Na miguu itaanza kunuka."

Tukacheka, ingawa kila mmoja wetu alikuwa na lake moyoni. Kule hospitalini Tashkent walikuwa wamepima damu ya familia nzima, na ya Elyor ndiyo iliyolandana na ya dada yake. Daktari Barno alitueleza vizuri. Damu hutengenezwa ndani ya mifupa, kwenye uboho, na uboho wa Zarnigor ulikuwa ukitengeneza damu mbovu. Angepewa dawa kali za kuufuta wote, kama mkulima anavyosafisha shamba lililojaa magugu, kisha apandikizwe seli shina za Elyor, yaani mbegu za damu mpya. Mpaka mbegu hizo zishike, mwili wake usingekuwa na kinga yoyote.

Kwetu, msafiri wa safari nzito haondoki bila kung'ata mkate. Mkate huo hutundikwa ukutani umngoje, na akirudi anaumaliza mwenyewe. Nikampa Zarnigor mmoja wa moto. Akanipa mgongo, akang'ata haraka, akanirudishia. Nikautundika, wakakimbilia treni ya Tashkent yeye, mama yake na kaka yake.

Kesho yake nilikuwa nafuta vumbi ukutani. Macho yakanasa kwenye ule mkate.

Ninayajua meno ya mtoto yule. Mawili ya mbele ni mapana kama ya sungura, na kila alipokwenda hospitali alama yake ilikuwa pana, ikifika karibu na maua ya katikati. Safari hii palikuwa pametoka kipande kidogo tu pembeni, kama kimetafunwa na panya, na ukingoni pana doa la damu. Nikaketi, nikajimiminia chai, nikapiga simu ya video.

"Bibi! Mama amekwenda kuchota maji ya moto," Zarnigor akasema. "Kesho wanaanza zile dawa kali!"

"Kitendawili!" nikamwambia.

"Tega!"

"Nina walinzi weupe langoni. Mmoja anaumwa, kafichwa. Na kesho jeshi lote linaondolewa."

Akacheka kicheko kifupi. "Umenishinda, Bibi. Chukua mji. Nakupa Samarkand."

"Siitaki Samarkand. Nataka jibu."

Akashika shavu. "Ni jino la nyuma," akasema kwa sauti ndogo. "Lilianza kuuma baada ya kukaguliwa meno. Nameza vidonge vya mama vya kichwa. Muuguzi akiniuliza kama naumwa popote, nasema hapana."

"Kwa nini, mama?"

"Elyor alipopata mafua walituahirisha. Nilimsikia daktari akimwambia mama kwamba ugonjwa ukirudi kabla ya kupandikizwa, tunaanza upya. Bibi, mimi siwezi kuanza upya. Nimechoka."

Mtoto yule alikuwa ameteseka, na hofu yake ilikuwa ya kweli. Lakini jino nalo lilikuwa la kweli.

"Sikia, mjukuu wangu. Ukichelewa, tutangoja pamoja. Lakini wakikufuta kinga na jino limeoza, usaha wa jino moja unaweza kukuua. Mdomo ni wako, kamwambie daktari mwenyewe. Nimeshamimina chai. Ikipoa hujasema, nampigia mama yako."

Yaliyofuata Zarnigor alinisimulia baadaye. Alishika korido akisukuma stendi ya dripu mpaka kwenye meza ya wauguzi, alipokuwa Daktari Barno.

"Daktari, nimekuwa nikidanganya," akasema, na machozi yakamtoka.

Daktari Barno akamkalisha, akamulika mdomoni. Fizi ilikuwa imevimba, ina usaha. Hakumgombeza. "Kuna jingine?" akauliza.

"Vidonge vya kichwa. Nameza asubuhi na jioni."

"Vidonge hivyo hushusha homa, ndiyo maana sikuiona yako. Asante kwa kuniambia. Mimi natibu ninachokiona na ninachoambiwa. Ukinificha, nafanya kazi gizani."

Chai yangu ilikuwa ya vuguvugu simu ilipolia. Hulkar alikuwa analia, na nyuma yake nikamsikia Elyor: "Yaani mimi nimeacha mieleka nisiumie, kumbe mwenzangu anafuga jipu mdomoni!"

Matibabu yakaahirishwa. Jino likang'olewa, akapewa dawa mpaka fizi ikapona, kisha wakampima uboho tena. Siku hiyo sikuiweka simu chini mpaka Hulkar aliposema: ugonjwa haujarudi. Dawa kali zikaanza. Elyor akapewa dawa ya usingizi, wakamtoa seli kwenye mfupa wa nyonga, akawa anatembea kama bata huku akijisifu wodi nzima. Zarnigor aliteseka kwa vidonda vya mdomo na kutapika, lakini mbegu zikashika.

Alirudi miti ya aprikoti ikiwa imechanua, kichwani ana vinyweleo kama kifaranga. Nikautungua ule mkate. Nilikuwa nimeungoja wakati huo kwa hamu!

Akautazama, akanitazama. "Bibi, usikasirike. Umekaa muda mrefu, una vumbi. Daktari amenikataza vyakula vilivyolala. Sitaula."

Nilijaribu kuonekana nimekasirika, nikashindwa.

"Lete huku," Elyor akasema, akipangusa vumbi na kuchovya mkate kwenye chai. "Damu si ni yangu? Naula kwa niaba yake."

"Umefanya vizuri kusema," nikamwambia Zarnigor. "Kuficha maumivu si ushujaa. Anayekupenda hawezi kukusaidia kubeba mzigo usiomwonyesha."

Nikampa muhuri. Akagonga maua kwenye donge jipya, tukalibandika tanurini. Lilipoiva na kupoa kidogo, akang'ata mbele yetu sote. Alama ilikuwa pana, ya sungura, ikafika karibu na maua.