Balbu Mlafi na Vifaranga wa Semeni

Kaeni vizuri. Mwenye kitu mdomoni ameze kwanza.

Semeni aliishi na bibi yake Lushoto, juu mlimani. Huko baridi inauma mpaka masikio.

Semeni alikuwa na vifaranga. Mama yao alikamatwa na kicheche. Basi walilala jikoni, ndani ya boksi, chini ya balbu.

Ilikuwa balbu ya zamani, ya duara, ya moto. Pacha wake alining'inia sebuleni.

Siku moja mita ya umeme ikalia ukutani. Tii! Tii! Tii!
Umeme unakwisha. Tena!

"Lo!" alifoka Bibi. "Balbu gani hii, tumbo halijai!"

Akajifunga kanga kiunoni, akaenda dukani kwa Mzee Hoza. Semeni nyuma yake, tapu tapu tapu.

"Chukua balbu hizi mpya, mama," alisema Mzee Hoza. "Zinaangaza sana, zinakula umeme kidogo."

"Na sufuria yako uliisifu hivyo hivyo," alisema Bibi. "Leo inavuja kama pua ya mtoto!"

Mzee Hoza akaijaribu balbu moja. Waa! Duka zima likang'aa.
Bibi akafungua fundo la pesa. Akanunua mbili, na umeme wa kuongeza kwenye mita.

Nyumbani, Bibi alizima umeme. Akangoja balbu za zamani zipoe. Akapanda juu ya kiti.

Kwii, kwii, kwii. Akafunga balbu mpya sebuleni.
Kwii, kwii, kwii. Akafunga nyingine kwenye boksi la vifaranga.

Akawasha. Mwanga tele! Mita kimya!
"Sasa nitapumzika," alisema Bibi.

Apumzike wapi?
Piu! Piu! Piu!

Vifaranga walirundikana, huyu juu ya huyu. Kidoti, mdogo kuliko wote, alikuwa chini kabisa.

"Lo!" alifoka Bibi. "Vifaranga gani hawa, midomo haifungwi! Pumba wanazo. Maji wanayo. Wanataka nini, redio?"

"Wanamlalia Kidoti, Bibi! Atakufa!"

Semeni akaingiza mkono ndani ya boksi. Baridi!
Akasogeza kiganja chini ya balbu mpya. Baridi vile vile!

"Bibi, hii inaangaza tu. Ile ya zamani walikuwa wanaiota, kama sisi tunavyoota moto."

Bibi akashika kiuno.
"Kumbe! Na ile ya sebuleni ilikuwa inampasha joto nani? Mijusi wa darini?"

Akazima. Kwii, kwii, kwii. Akairudisha balbu ya zamani kwenye boksi.

"Kula, mlafi wewe," aliiambia. "Lakini ufanye kazi! Wakishaota manyoya, unatoka."

Boksi likapata joto. Vifaranga wakatawanyika.
Kidoti akajikung'uta. Akanyoosha mguu mmoja.
Piu... piu... piu...
Wakalala.

Bibi na Semeni nao wakapanda kitandani.

"Bibi, umeacha taa ya sebuleni."

"Iache. Si inakula kidogo?"

"Kidogo nacho ni kula, Bibi."

Bibi akaguna. Akainuka. Akaburuta ndala mpaka sebuleni.
Tap! Giza.

"Lo!" alinung'unika. "Mtoto gani huyu, mdomo haufungwi!"
Akavuta blanketi, akamfunika mpaka masikioni.

Taa ya Bibi imezimwa. Na nyie zimeni yenu, mlale.