Nyama Nene ya Delphine

Kila siku akitoka shule, Delphine alimsalimu bibi yake, akatupa mkoba kitandani na kukimbilia uwanja wa mpira wa kikapu. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na katika kijiji chao cha Walakota, wenyeji wa asili wa Marekani, hapakuwa na msichana aliyemfikia kwa kulenga kikapu.

Jumanne hiyo bibi yake, Ramona, alimngoja uani na visu viwili. Mezani palikuwa na paja zima la nyati wa manyoya, yule baisani mwenye nundu.

"Leo mpira utakusubiri," bibi alisema. "Jumamosi tunapokea nyati wapya malishoni. Wazee na watoto watakula nyama kavu ya kutwangwa, na sisi ndio wakaushaji."

Alimwonyesha kazi. Kisu kilizunguka pande la nyama taratibu, nalo likafunguka kama mkeka hadi likawa jembamba la kupitisha mwanga.

"Nyama hii mafuta yake kidogo, na inaongeza damu," bibi alisema. "Ndiyo iliyotulea. Halafu wakaja wawindaji na bunduki, wakaua nyati mbuga nzima, wakachukua ngozi, nyama wakaiacha ioze. Watu wetu wakalala njaa. Walibaki wachache mno, na hao ndio waliotunzwa mpaka wakazaana tena. Kwa hiyo hapa kwetu nyama ya nyati haiozi."

Jirani alipomwita bibi, Delphine alibaki peke yake. Kutoka uwanjani mpira ulisikika ukidunda. Mwili ulimwasha. Akakata mapande manene, chapuchapu, akayatundika kwenye kamba ya kukaushia, nyuma ya yale membamba na kutimua mbio.

Siku ya pili yake alikwenda kugeuza nyama pamoja na binamu yake, Verna. Mapande manene yalikuwa makavu kwa nje. Alipolipasua moja, harufu iliwarudisha nyuma wote wawili.

"Lo, limeoza," Verna alisema, ameziba pua. "Tupa yote. Mwambie bibi mbwa kala."

"Mbwa amefungwa mnyororo."

"Sema alifunguka."

"Kisha akajifunga mwenyewe?"

Verna alicheka, lakini Delphine moyo ulimuuma. Akinyamaza, nyama ile itatwangwa pamoja na ile nzuri, na wazee na watoto wataumwa. Akiitupa kwa siri, chakula cha Jumamosi kitapungua, na mbwa atasingiziwa. Na kwa vyovyote nyati alikuwa ameoza, kwa mkono wake. Aliona haya mpaka machozi yakamtoka. Alilichukua lile pande, akampelekea bibi.

"Bibi, nilikata nyama nene ili niwahi mpira. Nikaificha nyuma. Imeoza."

Bibi alinusa, akakunja uso. Delphine alitazama vidole vyake vya miguu.

"Ningeitwanga hii," bibi alisema. "Mzee Orville angekula, na tumbo lake lilivyo bovu. Umenikasirisha, mjukuu wangu. Lakini umekuja mwenyewe. Kwenye friza kuna bega la nyati. Noa kisu."

Delphine alikata mpaka mkono ukafa ganzi. Verna naye akakata, akilalamika kwamba yeye hakuozesha chochote. Jua na upepo wa siku mbili vikamaliza kazi.

Jumamosi nyati wapya waliteremka kwenye lori, wakasimama kidogo, kisha wakatimka malishoni vumbi likifuka. Watu walishangilia. Mzee Orville alimeza tonge la nyama iliyotwangwa na matunda ya porini, akaomba jingine.

"Nani kakata hii?" aliuliza.

"Mimi, babu," Delphine alisema. "Ila hii ni ya mara ya pili. Ya kwanza niliiharibu."

Mzee alicheka hadi akapaliwa. Bibi alimpigapiga mgongoni, kisha akamgeukia mjukuu wake.

"Uongo ni kama ile nyama yako nene," alisema. "Nje unaonekana mkavu, ndani unaoza, na wanaougua ni watu wengine. Wewe uliupasua mapema. Haya, wapelekee watoto nyama, wanakungoja."