Mluzi Ndani ya Simu

Sarit Centre, jengo la maduka jijini Nairobi, ilikuwa imefurika watu wa mwisho wa mwezi. Daksha, shali ya kijani ikiburutika nyuma yake, akamgonga Kisilu mzima mzima, na karatasi zake zikatapakaa sakafuni. Kisilu, mwalimu wa muziki, aliokota moja yenye mchoro akauliza huo ni wimbo gani.

"Ni nyota mbili zilizokufa," Daksha alisema.

Akamweleza kwamba huzungukana zikisogeleana hadi zigongane. Mtikisiko wake ukifika huku ni hafifu mno, umezama katika makelele, wala hadi miaka ile hakuna aliyewahi kuunasa. Kazi yake Daksha pale chuoni Chiromo ilikuwa kukokotoa umbo lake mapema, ili siku ukija utambulike. Ukigeuzwa sauti, huanza chini, hupanda, hupanda mbio, kisha kimya.

Kisilu akaupiga mluzi papo hapo. Daksha alicheka, na moyo ukawa umeshakwenda.

Tangu hapo kila simu ya Kisilu ilianza kwa mluzi huo.

"Sasa, mgongaji wangu?"

"Poa. Wewe ndiye ulisimama njiani."

Kaka yake Daksha, Rajinder, alipojua, nyumba ya Spring Valley iligeuka jela. Chuo basi. Simu ikatiwa kufuli kwenye gurudumu la namba, lisizungushwe. Kisilu alipopiga, Rajinder alimwambia kwamba Daksha amekubali kuolewa na mtu wa Leicester, Uingereza, anayetua Jumamosi. Kisilu akaamini, maskini, na simu zikakoma. Daksha alilia hadi akachoka kulia.

Ijumaa shangazi zake walijaa sebuleni wakibishania sari. Daksha akajibanza kando ya simu. Kufuli lilizuia kidole tu. Namba yenyewe ni umeme unaokatika na kurudi. Akagongagonga kitufe cha kukatia simu, mara tatu kwa tatu, mara tano kwa tano, tarakimu baada ya tarakimu, mpaka ikaita.

"Hallo? Nani?"

Kusema hakuthubutu. Akapiga mluzi mdogo ndani ya kelele za shangazi. Chini, juu, juu zaidi, kimya.

"Daksha? Si walisema umekubali huyo jamaa?"

Akapiga tena.

"Basi kesho asubuhi nakuja na wazee wangu kukuposa. Kama unanitaka, piga mara ya mwisho. Nisikie vizuri."

Daksha aliinua macho. Mama yake, aliyemfundisha tangu utotoni kwamba msichana hapigi mluzi, alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya chai, akimtazama. Shangazi nao wakanyamaza mmoja mmoja.

Daksha alivuta pumzi, akaupiga kwa nguvu zake zote.