Nyoka wa Chuma wa Nyegezi

Redio ya Motorola ilikoroma kiunoni mwa Kashindye.

"Mtungi umejaa," alisema Ojuok, mwenzake wa makao makuu. "Narudia, mtungi umejaa."

Kashindye alikanyaga breki, Honda ikaserereka na kusimama njia panda ya Usagara. Kwa lugha ya Idara ya Usalama, mtungi ukijaa kuna watu watakufa siku hiyo hiyo.

"Nani?"

"Watoto ishirini na wanne. Nyegezi, saa nne kamili. Tumembana dereva wa Grubbe, ametapika yote."

Casio ya Kashindye ilionyesha saa tatu na dakika arobaini na tano. Alitia gia.

"Endelea kusema, niko njiani."

Grubbe! Kashindye alilichukia hata jina lake. Mzungu huyu aliingia nchini mwaka tisini na mbili, milango ya biashara ilipofunguliwa, na kila uchafu uliokataliwa kwao yeye aliuleta Mwanza. Alianza na dawa zilizopita muda, akaja na matairi yaliyokwisha. Safari hii alileta treni ya michezo, ile inayopanda kilima cha chuma na kuporomoka huku watu wakipiga mayowe. Ilikuwa kutu iliyopakwa rangi nyekundu. Wenyeji waliiita Nyoka.

"Ndani ya mabomba ya reli za mwisho kuna fimbo za dhahabu ya magendo," alisema Ojuok. "Anataka ajali. Mabaki yatapakiwa melini leo leo, eti ushahidi wa bima. Nani wa forodha atapekua chuma chenye damu ya watoto?"

"Mbwa!"

"Ajali ataifanyaje, dereva hajui."

"Nitajua mimi."

Kabla ya Idara, Kashindye alifundisha fizikia sekondari miaka minne.

Alifika ufukweni saa nne kasoro dakika tatu. Watu walijaa mpaka juu ya mawe. Kwenye viti vya wageni alikaa Antoni, afisa aliyesaini kibali cha treni, akila sangara wa kukaanga huku mafuta yakimchuruzika mpaka kwenye tai. Grubbe alisimama kando ya swichi akitabasamu. Kengele ililia. Nyoka akaanza kupanda, magari sita, kila gari watoto wanne, na meno ya chuma chini yake yakigonga ka, ka, ka.

Kashindye hakumfuata Grubbe. Alikimbilia mwisho wa reli, kwenye bamba mbili ndefu za chuma, akapitisha kidole.

Grisi! Nyeusi, mbichi, ya asubuhi hiyo.

Nyuma ya kibanda, mwanaume wa makamo alikuwa amekaa kando ya jenereta ya Lister, hendeli mkononi. Huyo alikuwa Mihayo, fundi aliyeiunga treni nzima.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hapa haparuhusiwi."

"Zile bamba za mwisho, kazi yake nini?"

"Za kuongoza gari lisiyumbe. Mzungu kasema zinapiga kelele, nikazipaka grisi."

Miaka ishirini na mbili Mihayo alikuwa kwenye kinu cha pamba, na kinuni kitu kikilia kinapakwa grisi, basi. Hakuna aliyewahi kumlaumu kwa hilo.

"Mzee, zile ndizo breki."

"Breki? Mbona jana lilisimama vizuri? Bwana Antoni alishuhudia, akasaini."

"Jana, kabla ya grisi. Na lilibeba nini?"

"Lilikuwa tupu."

"Mzee wangu, gari hili halina injini. Mnyororo unalipandisha, kisha linashuka kwa uzito wake. Nguvu yote iliyolipeleka juu inarudi chini, na cha kuimaliza ni zile bamba kulikaba. Leo limejaa, na bamba zinateleza."

Mihayo aliangalia mikono yake. Weusi ulikuwa bado kwenye kucha.

"Suzana," alisema.

"Suzana nani?"

"Binti yangu. Yuko siti ya mbele kabisa. Nimempandisha mwenyewe, watu waone kwamba naiamini kazi yangu."

Kashindye alishika Motorola.

"Ojuok! Kata umeme Nyegezi."

"Yote?"

"Yote! Gari la tatu likivuka kilele, uzito unahamia ng'ambo. Mnyororo hauwezi tena kulizuia."

"Nipe dakika moja."

"Sina!"

Gari la kwanza lilivuka. Kichwa cha Suzana kilielekea chini, riboni za njano zikipepea. Gari la pili likafuata.

Ka. Ka.

Muziki ukakatika. Mnyororo ukasimama. Yale meno yaliyoizuia treni isirudi nyuma yalibana, na Nyoka akabaki ananing'inia juu ya kilele.

"Mgaoooo!" uwanja mzima ulizomea. Hakuna hata mmoja aliyeshtuka. Umeme kukatika Mwanza ni habari?

"Mihayo!" Grubbe alipiga kelele. "Jenereta! Upesi!"

Mihayo aliikumbatia hendeli kifuani. Grubbe alikuja mbio, Browning mkononi.

"Lete hiyo."

"Sitoi."

"Nitakuua."

"Niue basi! Sitoi!"

Kashindye alimpiga Grubbe teke kwenye kiwiko cha mkono. Bastola ikaruka. Teke la pili lilimkuta tumboni, akaenda chini na kula mchanga. Pingu zikalia.

Watoto walishushwa mmoja mmoja kwa ngazi ya mafundi. Suzana alikuja amenuna.

"Baba, ndiyo nini sasa? Tulikuwa tunakaribia kushuka!"

Watu walizidi kuzomea. Antoni naye alifika akijifuta mdomo.

"Kwa amri ya nani? Wananchi wamekuja kufurahi, bwana! Washeni jenereta, watoto warudi."

Kashindye alimtazama kwa kinyaa.

"Itawashwa. Ila wanapanda viroba."

Vijana wa gati walipandisha viroba ishirini na vinne vya mchanga wa ziwani, kila kimoja uzito wa mtoto, wakavifunga kwa mikanda. Kashindye alimwondoa kila mtu kwenye mwisho wa reli. Mihayo akazungusha hendeli.

Gari la tatu lilivuka. Likaja la nne, kisha Nyoka mzima akaporomoka. Alizipita zile bamba bila hata kusita, akang'oa kizuizi, akavamia mawe.

Gari la mbele lilikunjika kama kopo. Kiroba cha siti ya Suzana kilipasuka vipande viwili.

Mama mmoja alimvuta mwanawe kifuani, akaanza kulia.

Kisha bomba la reli lililopasuka likatema fimbo ya njano. Nyingine ikafuata.

"Dhahabu!"

Loh! Walikimbia wote. Antoni alitangulia na suti yake, akikanyaga viroba, akijaza mifuko. Na yule mama aliyekuwa akilia alikuwa humo, anasukumana.

"Ojuok, leta askari," alisema Kashindye. "Na pingu ya Antoni."

"Watoto je?"

"Wazima."

Mihayo peke yake hakukimbilia dhahabu. Alishuka polepole mpaka gari la mbele, akapiga magoti, akaanza kukusanya mchanga kwa viganja na kuurudisha ndani ya kile kiroba kilichopasuka. Ulivuja. Akaurudisha tena.

"Baba, unafanya nini?" Suzana aliuliza.

Aliendelea kuchota.

Kashindye alivaa miwani yake ya jua, akawasha Honda, akaondoka.